Lita Tano za Maji ya Sericho

Kendi,

Sasa ni saa kumi ya jioni. Jua bado linapiga mabati ya kibanda changu kama tumekosana, na wewe uko shuleni, Mwalimu Guyo anawafundisha kufunga mkanda wa ndege, yeye ambaye hajawahi kupanda hata ile ya kunyunyizia nzige dawa. Kesho asubuhi basi linawapeleka Nairobi, wanafunzi wanane, na kutoka huko mnaruka hadi Uskoti, kukaa wiki nne kwa wale watoto waliokuja kukaa kwetu mwaka jana.

Ningeweza kungoja urudi nyumbani tuongee. Lakini nakujua na najijua. Nikianza jambo zito, mdomo wangu hulitia mzaha kabla chai haijapoa, wewe hucheka kwa heshima, na tunaachana bila kitu kusemwa. Kwa hivyo nimezima jiko, nimegeuza mtungi wa mtu nikaukalia, na naandika.

Mambo ya sweta na pasipoti, mama yako ameshakuambia mara nne, na Mama Abdi wa mlango wa pili mara tano. Mimi sina maagizo. Nina jambo moja la kukiri, nalo ni hili: ile fomu ya ruhusa haikwenda na magazeti. Mimi ndiye niliyeificha, na nilikuwa nimeamua usiende.

Najua hutashangaa. Hilo la kutoshangaa kwako nitalifikia.

Kwanza nikukumbushe ni nani anayekuandikia. Mtungi wa plastiki ukipasuka, mimi nakata kipande kutoka kwa mtungi uliokufa wa rangi hiyohiyo, napasha kisu moto, nayeyusha, naziba. Halafu naujaza maji na kuulaza juu ya gazeti la zamani kuona kama unavuja. Shule niliachia darasa la saba. Mengine niliyasoma kwenye magazeti hayo, na kwa vile mitungi mingine huvuja, ziko habari nyingi za dunia ninazozijua nusu. Lakini mitungi yenyewe naisoma mpaka mwisho. Wa mtaa wa Wabera hupasuka shingoni, kwa kubanwa na kamba ya boda. Wa hapa kwetu Bulla Pesa hupasuka kitako, kwa kuburutwa watu wakipanga laini ya mfereji. Wa Sericho, kule nyikani, hupasuka ubavuni, pale unaposuguana na mwenzake juu ya punda njia nzima. Nikiona ufa wa ubavuni mkono wangu huwa mzito. Hujawahi kuniuliza kwa nini, na ungeuliza ningesema ni baridi yabisi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanaume mzima kwa maoni yangu. Nilishuka kutoka Maua na lori la kabichi na miraa, tukapita Isiolo, tukapita Garbatulla, na karibu na Sericho lori likavunjika ekseli. Dereva alibaki na gari lake. Mimi nikapokewa na mzee mmoja Mborana, jina lake Boru, boma lake lilikuwa karibu na barabara. Nilikuwa na vumbi mpaka kwenye meno. Mzee alinisalimia, akauliza habari za watu wangu, za mvua ya kwetu, za mifugo ambayo sikuwa nayo. Kisha akamwita binti yake, Dabo, wa miaka kama kumi na mitatu, akaniletea mtungi mdogo wa lita tano na kikombe.

Mtu wa Sericho akipewa mtungi ule anajua la kufanya. Ananawa mikono, ananawa uso, anakunywa, anaurudisha. Mimi nilikulia mahali ambapo mto unapita nyuma ya jikoni na kelele zake zinakuudhi. Nilienda nyuma ya kichaka nikaoga. Nikaosha kichwa. Nikaosha shati. Nikaosha viatu, Kendi, vile vya raba, nikavianika juu ya miiba. Kidogo kilichobaki nikakimwaga chini ili vumbi litulie. Nikarudi na mtungi mtupu, nimeng'aa, nikamshukuru mzee kwa mikono miwili.

Mzee alitazama mtungi, akanitazama mimi. "Umepumzika?" akauliza. Nikasema nimepumzika sana. Jioni nilipewa maziwa ya ngamia. Chai haikupikwa, na mzee akasema chai siku hizi humletea kiungulia. Dabo na shangazi yake wakafunga mitungi juu ya punda wakaondoka, saa ambayo wasichana wengine walikuwa wanarudi. Walirudi kesho yake jua likiwa juu. Nikamuuliza mzee, mimi mwerevu wa Maua, "Kwani huku mnateka maji saa hizi?"

Mzee akacheka kidogo. "Leo, ndiyo."

Siku ya tatu nilienda madukani. Mwenye duka aliniangalia miguu. "Wewe ndiye ulioga maji ya nyumba ya Boru?" Watu wote kwenye benchi wakaangalia viatu vyangu. Vilikuwa vyeupe sana.

Lori lilipona mchana huo. Nilipanda juu ya magunia nikalala kifudifudi. Tulipopita boma la Boru nilimwona Dabo amesimama kando ya barabara, ameinua mkono. Wangu sikuinua. Sikuwaaga, sikuwaomba msamaha, sikusema hata asante ya maziwa. Nilijiambia nitarudi wiki inayofuata na kitu mkononi. Sijarudi mpaka leo, na wewe una miaka kumi na saba, na ulipozaliwa ulinikuta mzee tayari.

Kwa muda mrefu nilidhani kosa langu lilikuwa maji. Maji ulikuwa ujinga tu, na ujinga wa kijana husameheka, hata kwenye benchi la Sericho wangenicheka mwezi mmoja wakachoka. Kosa lilikuwa lori.

Halafu mwaka jana ukatuletea Fiona.

Msichana mrefu, mpole, mwenye Kiingereza kilichomshinda hata Mwalimu Guyo, na yeye ndiye hukifundisha. Alifika Jumatano. Wewe unajua Jumatano kwetu ni nini: mfereji wa ploti umetoa maji jana, hautatoa tena mpaka Ijumaa, na kila mtungi una kazi yake. Mama yako akamwekea bafuni mtungi wa lita ishirini, achote humo kidogo. Fiona akafunga mlango. Tukasikia maji yakienda. Yakaenda. Yakaendelea kwenda. Mama yako akanitazama, nami nikatazama mabati. Mgeni akatoka anatabasamu, nywele zinadondoka, akatuambia "asante sana" kwa Kiswahili alichojifunza kwenye ndege. Mtungi ulikuwa mwepesi kama gazeti.

Nilimwangalia yule mtoto nikaona viatu vya raba juu ya miiba.

Mama yako akanong'ona, "Ni mgeni. Hakuna mtu atamwambia." Nikakubali kwa kichwa. Boru alifanya hivyohivyo, nami nilidhani kwamba ukarimu unaishia hapo.

Wewe ukasema, "Tukinyamaza kesho anaoga tena. Mpaka Ijumaa tutanawa na mate."

"Utamtia aibu," mama yako akasema.

"Aibu ni arudi kwao ndio ajue."

Ulisema hivyo ukitafuta ndala zako, bila kuinua kichwa. Hukujua ulikuwa unaongea na nani. Mimi, kwenye kile kiti kibovu, niliangalia viatu vyangu.

Basi kesho yake ukamchukua Fiona uani, na karai, na kopo. Nilikuwa nyuma ya pazia, nakiri na hilo pia. Ukamwonyesha kwa vitendo, na nguo zako zote mwilini, kama mchezo wa kuigiza wa shule: kopo la kwanza, sabuni, kopo la pili, miguu mwisho, na maji ya miguu hayamwagwi, hayo ni ya kupigia deki. Yeye akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akakuuliza kitu, na hata mimi wa Kiingereza cha gazeti nilikielewa: yale ya jana yalikuwa yote?

"Yote," ukamwambia. "Hata ya ng'ombe ambao hatuna."

Akawa mwekundu kama nyanya za mama yako, machozi yakamlengalenga. Wewe hukumwambia hapana, si kitu, usijali. Ulimwambia, "Ijumaa tunaenda laini pamoja, utayarudisha." Na Ijumaa mkaenda. Alijitwika mtungi wa lita kumi kichwani akafika nao na lita nne, na njia nzima watu wamesimama milangoni. Mama Abdi akasema kwa sauti, "Salaam aleikum, binti. Leo umenyunyizia barabara, vumbi limekaa chini." Fiona hakuelewa neno hata moja, lakini alijua anataniwa, na anayetaniwa na Mama Abdi si mgeni tena. Siku ya kuondoka alituaga mmoja mmoja, mpaka mtoto wa Mama Abdi aliyekuwa analala.

Mimi Boru alinifichia aibu yangu nikaibeba miaka yote. Wewe ya Fiona uliitoa nje, mkaitwika pamoja, ikaisha kabla ya Jumamosi. Sijui ulijifunzia wapi. Kwangu, hapana. Nimepekua kumbukumbu zangu zote nikitafuta siku niliyokufundisha, ili nijisifu, na sijaipata.

Utafikiri baada ya kuona hayo ningekimbia kutia sahihi. Nilifanya kinyume. Fomu ilikuja kwa posta na sahihi ya wazazi wa Fiona tayari, ukaniletea hapa kibandani mbio, hata mkoba hujautua. Nikasema, "Iweke hapo, mikono yangu ni michafu." Ulipoondoka nikaitia kwenye mkebe wa vipande vya plastiki, chini kabisa.

Nilijipa sababu nyingi. Kwamba ni mbali, kwamba kuna baridi. Zote za uongo. Za kweli ni mbili, na ya kwanza ni hofu. Akilini nilikuona kwenye nyumba ya watu, umefanya kosa ambalo hulijui, na wenyeji wako wana adabu kama ya Boru, wanakutazama na kukuuliza kama umepumzika. Ya pili ni ndogo na ni mbaya zaidi. Nilikuonea wivu. Wewe una miaka kumi na saba na tayari unajua kukaa na watu. Mimi nimekaa Isiolo miaka yote hii nikiwapenda watu wake kupitia mitungi yao.

Ikakaa humo siku sita. Uliniuliza, "Baba, ile fomu?" nikakuambia labda imeenda na magazeti. Mwalimu Guyo akapiga simu, nami nikamwambia nilikupa uirudishe. Hapo ndipo nilipokukosea hasa. Alikusimamisha mbele ya Kidato cha Tatu akasema mzembe hawezi kuiwakilisha shule, na nyingine ikiagizwa kutoka kule itafika wenzako wameshaenda na kurudi. Mama yako ndiye aliyenisimulia, naye aliambiwa na wasichana sokoni. Wewe ulikuwa na jibu. Ungesema tu, "Mwalimu, niliipeleka kwa baba." Ulijua mtu mmoja kati yetu ni mwongo, na hukusema ni nani. Ulirudi nyumbani ukavua viatu ukamsaidia mama yako kuchagua nyanya.

Sasa tufike kwenye mkebe.

Ilikuwa Alhamisi, na siku ya mwisho ya fomu ilikuwa Ijumaa. Ulikuja na mtungi wa Mama Abdi, umepasuka kitako. Nilikuwa nimeshika kisu cha moto, plastiki imeanza kuyeyuka, haingoji mtu, nikasema bila kufikiri, "Nipe kipande cha njano, kwa mkebe." Ukatia mkono. Ukachelewa.

"Umepata?"

"Nimepata, Baba."

Ukanipa kipande. Kilikuwa kizuri, saizi yake kabisa. Ukaniuliza kama nimekula. Ukaniambia Fiona ameandika, kwamba mbwa wao amezaa. Nikasema mbwa wa Uskoti huzaa wangapi. Ukasema wanne. Nikaziba mtungi, ukaubeba, ukaenda. Mimi nikajipongeza kwamba mkebe ni mrefu na mkono wako ni mfupi.

Kesho yake asubuhi nilitafuta kipande cha bluu. Nikafika chini. Fomu ilikuwa pale pale, lakini ndani ya nailoni, ile safi mnayofunikia vitabu, imekunjwa vizuri pembeni. Masizi ya vipande yalikuwa yamefutwa. Doa moja tu lilibaki, la kidole changu.

Nilikaa chini, Kendi. Ulikuja na nailoni hiyo lini sijui. Labda ulirudi nilipoenda kunywa chai, labda uliitoa kwenye daftari lako hapohapo nikiwa nimekupa mgongo. Ungeweza kuichukua. Ungeweza kuiweka juu ili niione na nijue kwamba umeiona. Uliirudisha mahali nilipoificha, ila safi, ukaniachia nafasi ya kuitoa mwenyewe.

Nikatia sahihi juu ya mtungi wa mteja, nikafunga kibanda, nikapanda boda mpaka shuleni. Nilitaka kumwambia Mwalimu Guyo ukweli wote kabla miguu haijapoa. Nikamwambia, "Mwalimu, hii fomu ilikuwa kwangu. Kendi hakuipoteza."

Akasema, "Najua. Amepita hapa asubuhi. Amesema baba bado anaisoma, kwamba wewe ukianza kusoma kitu lazima ufike mwisho."

Nikamwambia wewe ni mpole kuliko ukweli, na kwamba nilimdanganya kwa simu. Aliichukua fomu akaiweka mezani. Kisha akasema atakurudishia jina lako mbele ya darasa lilelile, na alikurudishia siku hiyohiyo, hilo namheshimu. Kuhusu mimi alisema tu, "Mzee, hata mimi nina binti." Sikumwelewa sana wakati huo. Leo, ukiwa unajifunza mkanda, namwelewa.

Kwa hivyo nikushauri nini? Uskoti maji huanguka kutoka mbinguni bila kuombwa. Kosa lako halitakuwa la maji. Sijui litakuwa la nini. Labda utakaa kwenye kiti cha babu ya mtu. Labda utamsalimia kila mtu barabarani, na wao hawana mazoea. Utakosea, hilo nina hakika nalo kama ninavyojua mtungi utapasuka. Ukiona watu wameanza kukutazama viatu, waulize. Uliza tu, kwa sauti yako ileile: nimeharibu nini? Kisha uwape nafasi ya kukuambia, na ucheke ukiweza, na ukishindwa ulie kidogo kama Fiona, halafu urudishe maji. Usipande lori tu. Mengine yote unayajua kunishinda.

Na kwa vile mtu hawezi kumwambia mwanawe asipande lori huku yeye bado yuko juu ya magunia, nina habari moja zaidi.

Unamfahamu Diba, dereva wa gari la maziwa ya ngamia. Kila mara huniletea mitungi kutoka Sericho, na mingine ina kitambaa chekundu kwenye mkono wa kushikia. Miaka minne iliyopita nilimuuliza mwenye mitungi hiyo ni nani. "Ni mama mmoja huko, Dabo wa Boru." Nilijichoma kidole, alama unaijua. Tangu siku hiyo mitungi ya kitambaa chekundu naitengeneza kabla ya yote, naziba mara mbili, ndani na nje. Sijawahi kutuma neno. Diba ameshaamua kwamba nataka kuoa Mborana, na mwezi uliopita alimwambia mama yako, ambaye alicheka mpaka akakaa chini, jambo ambalo sikulifurahia.

Mzee Boru alishafariki. Kwake nimechelewa, na hakuna kisu cha kuziba hilo. Lakini Dabo yupo. Jumanne, wewe ukiwa umeshaanza kuzoea mvua, mimi napanda gari la Diba, mbele, kwenye kiti, mahali ninapoonekana. Mama yako ameuliza nitabeba zawadi gani. Sukari, majani ya chai, na mtungi mmoja mdogo wa lita tano, nimeutengeneza mwenyewe, haujavuja siku tatu juu ya gazeti. Nitaujaza hapa kwenye mfereji wetu. Lita tano, baada ya miaka yote hiyo. Dabo atacheka, na natumaini atacheka sana, na mbele ya watu wa benchi. Kama hatacheka, nitamuuliza nimeharibu nini tena.

Ukirudi utanieleza ya Uskoti nami nitakueleza ya Sericho, na tutaona ni nani alienda mbali zaidi.

Nasikia sauti zenu mkija na njia ya soko, kwa hivyo naishia hapa. Jioni hii nitakuwa yule wa kila siku, nitauliza kama ndege ina spea. Barua hii sitakupa mkononi. Ile nailoni niliiweka, na sasa barua imo ndani yake. Nitaitia kwenye sanduku lako chini kabisa, chini ya sweta, na sina wasiwasi kama utaiona. Wewe unajua mahali ninapoficha vitu.

Baba yako,
wa mitungi